Nani Anachekwa Katika Mashimo ya Mfalme Sulemani?

Riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani katika tafsiri ya Frederick Johnson, ina tukio moja linalochekesha mpaka leo. Kapteni Good, ofisa mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, anafumaniwa na wapiganaji wa Kikukuana akiwa bado anajisafisha porini. Amenyoa upande mmoja wa uso, upande wa pili ndevu zimesimama. Jichoni kabana kioo chake cha duara. Suruali hajavaa. Kwa woga anayachezesha meno yake ya bandia, yanashuka na kupanda, na wale wapiganaji wanarudi nyuma kwa mshangao: mtu gani huyu, meno yake yanapotea na kuota tena papo hapo? Good na wenzake Wazungu wanaona mwanya, wanajitangaza kuwa wametoka kwenye nyota, na roho zao zinapona. Ila Good analipa gharama. Kuanzia hapo hana ruhusa ya kuvaa suruali wala kunyoa upande uliobaki, kwa kuwa wenyeji wameipenda miguu yake myeupe na hawataki ifichwe. Ofisa wa Malkia anazunguka nchi ya watu kurasa na kurasa, miguu wazi, nusu ya uso ina ndevu.

Haggard hakuwa mtetezi wa Mwafrika. Alikuwa kijana wa serikali ya kikoloni kule Natal na Transvaal, na kitabu chake kina dharau ambazo siwezi kuzitetea. Hata hivyo alielewa jambo ambalo waliomfuata walilisahau: mgeni aliyejileta katika nchi ya wenzake, akajifanya mungu, yeye mwenyewe ni kichekesho.

Sasa ruka miaka 100. Mwaka 1985 kampuni ya Cannon, ya Menahem Golan na Yoram Globus, ilitoa filamu ya kitabu hicho, imepigwa Zimbabwe, mwongozaji J. Lee Thompson, waigizaji wakuu Richard Chamberlain na Sharon Stone. Mafanikio ya Indiana Jones yalikuwa yamewatia watayarishaji wengi hamu ya kofia, mjeledi na mapango, na Cannon nao wakataka sehemu yao. Wakaibadilisha hadithi wapendavyo: wakaingiza Wajerumani wa vita vya 1914, wakaingiza binti anayemtafuta baba yake, wakageuza karibu kila tukio kuwa la kuchekesha. Kapteni Good wakamfuta kabisa. Na badala ya miguu yake tukapewa chungu: chungu kikubwa kama chumba, ndani yake Quatermain, shujaa wa hadithi, na mwenzake wanaelea pamoja na mboga, huku watu weusi wakichochea moto chini ili wapate kula. Kitabuni hakuna chungu hicho. Haggard, pamoja na dharau zake zote, hakukiandika. Kimeletwa na watu wa karne ya ishirini waliotaka kutuchekesha.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na inahusu zaidi ya filamu moja. Kila riwaya kubwa ya safari inapogeuzwa kuwa sinema ya vichekesho, wapenzi wa kitabu hulalamika kwamba hadithi imebadilishwa. Malalamiko hayo hayanishughulishi. Hadithi za safari zimebadilishwa tangu ziwepo. Abunuwasi mwenyewe amefika pwani yetu akiwa amevuka bahari na lugha kadhaa, na kila kituo kilimwongezea na kumpunguzia. Kinachonishughulisha ni kicheko. Kitabuni kilikuwa juu ya nani, na katika filamu kimehamishiwa kwa nani? Ukifuatilia swali hilo utagundua kwamba filamu mbili zinaweza kuwa mbali na kitabu kwa kiasi kilekile, moja ikawa kazi ya heshima na nyingine ikawa tusi.

Uganda ina sababu ya kulijali hili. Sisi tumekuwa mandhari. Filamu ya mwaka 1950 ya Mashimo, ya Stewart Granger na Deborah Kerr, ilipigwa Kenya, Tanganyika, Kongo, Ruanda-Urundi na hapa kwetu kwenye maporomoko ya Murchison, pale Mto Nile unapobanwa katika ufa wa mwamba wenye upana wa mita kama saba kisha ukaporomoka zaidi ya mita 40. Ilipata tuzo ya Oscar kwa upigaji picha. Haikuwa ya kuchekesha, kwa hiyo naipita. Lakini mwaka uliofuata John Huston alitoa The African Queen, na hiyo lazima nikae nayo.

Chanzo chake ni riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935: mwanamke wa misheni na fundi wa boti kuukuu wanateremka mto hatari wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakiazimia kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani ziwani. Huston alipiga sehemu ya picha zake Kongo, kisha akaja Butiaba, ufukweni mwa Ziwa Albert, na Murchison. Boti yenyewe, iliyoundwa Uingereza mwaka 1912 kwa ajili ya kazi katika maji yetu haya, leo inabeba watalii kule Key Largo, Florida. Watu wa Bunyoro hawajabaki nayo hata kipande.

Forester aliandika kitabu kikavu, chenye uchungu. Mwishoni boti inazama kwa dhoruba, mpango mzima unashindikana, na meli ya Wajerumani inakuja kuzamishwa na Waingereza wengine. Huston aliupindua mwisho huo: nahodha wa Kijerumani anawafungisha ndoa wafungwa wake wawili na bila kupumzika anaagiza wanyongwe, na hapohapo meli inayagonga mabaki ya boti, torpido za kujitengenezea zinalipuka. Ni mzaha mtupu, na ni mzuri kuliko mwisho wa kitabu. Sina tatizo nao hata kidogo. Humphrey Bogart, aliyecheza fundi, alipata Oscar yake pekee kwa kazi hii, na alistahili. Tazama mwanzoni tu, mezani kwa wamisionari: chai imemiminwa, jua linachoma, kila mtu kavaa kama yuko London, na tumbo la fundi linaunguruma kwa njaa katikati ya mazungumzo ya heshima. Wote wanajifanya hawasikii. Hapo Huston anafanya alichofanya Haggard kwa Good: anaonyesha upuuzi wa adabu iliyosafirishwa kwa meli hadi mahali isipokuwa na kazi.

Sasa tazama dakika chache kabla ya hapo. Kanisani waumini weusi wanapiga kelele wakidai wanaimba, na nje fundi anatupa kipande cha sigara, watu wanakigombea mpaka ibada inavurugika. Kicheko kile ni juu yetu, hakina sababu, na hakiongezi chochote katika hadithi. Baadaye kidogo Wajerumani wanachoma kijiji, wanakijiji wanaswagwa, na kuanzia hapo Mwafrika hana tena sura katika filamu, isipokuwa askari wanaofyatua risasi kutoka ngomeni. Filamu nzima iko Afrika na hakuna Mwafrika hata mmoja anayepewa mzaha wa kuutoa yeye mwenyewe.

Linaloniuma zaidi ni kwamba historia yenyewe ilikuwa imeshautoa mzaha huo bure. Forester alitumia kisa cha kweli: mwaka 1915 Waingereza walisafirisha boti mbili, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town, zikavutwa nchi kavu kwa mitambo ya mvuke, maksai na mikono ya vibarua Waafrika, hadi Ziwa Tanganyika. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa mtu wa majivuno aliyejichora chale mwilini na kupenda kutembea amevaa sketi ya kaki. Wenyeji wa mwambao wakampa jina la Bwana Chifunga-tumbo. Fikiria jambo hilo kwa utulivu. Katika vita vile wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara zaidi kuliko kwa risasi. Majina ya mitaa ya Kariakoo na Kariakor yametokana na kikosi chao, Carrier Corps. Na katikati ya mateso hayo walikuwa na nguvu ya kumtazama kamanda na kumpa jina linalomfaa. Walikuwa wachekeshaji wa hadithi ile kabla Hollywood haijafika, na si riwaya wala filamu iliyowasikiliza.

Uhamisho kama huo umetokea mbali na Afrika pia. Jonathan Swift aliandika safari za Gulliver mwaka 1726 akiwacheka Waingereza: wale wafupi wa Lilliput wanaopigana vita kwa sababu ya ncha ya yai la kupasua ni wanasiasa wa nchi yake, na mfalme wa majitu, akisha kusimuliwa habari za Ulaya, anaiona jamii ya Gulliver kuwa wadudu waharibifu. Filamu ya mwaka 2010 ya Jack Black iligeuza meza. Gulliver ni mpeleka barua wa gazeti la New York, na Lilliput ni taifa zima la washamba wanaongoja kufundishwa mtindo wa maisha ya Marekani. Mpaka mabango ya Times Square yanajengwa kwa sura yake. Wakosoaji walikasirishwa na tukio la Gulliver kuzima moto kwa mkojo, wakaliona la kitoto. Lile ndilo lililotoka kwa Swift moja kwa moja. Uaminifu kwa kitabu ulibaki kwenye mkojo, ukapotea kwenye maana.

Kuna upande mwingine, na ni haki nikautaja. Jules Verne, katika Kuizunguka Dunia kwa Siku 80 ya mwaka 1873, alimpa tajiri wa Kiingereza, Fogg, mtumishi Mfaransa, Passepartout, aingie matatani kwa niaba ya bwana wake. Mwaka 1956 nafasi hiyo alipewa Cantinflas, mchekeshaji mkubwa wa Mexico, na katika nchi zinazosema Kihispania jina lake ndilo lililotangulia kwenye matangazo. (Puto la hewa ambalo watu wengi wanadhani ni la Verne liliingia na filamu hiyo, kitabuni Fogg hasafiri kwa puto.) Mwaka 2004 nafasi ikaenda kwa Jackie Chan, na safari hii mtumishi akawa Mchina mwenye shughuli yake mwenyewe: anarudisha sanamu ya Buddha iliyoibwa kijijini kwao, na bwana wake Mwingereza ndiye chombo cha usafiri tu. Filamu ilishindwa sokoni, na ina makosa mengi. Imemfuta Aouda, binti wa Kihindi, ikaweka msichana wa Kifaransa mahali pake. Lakini wazo lake la msingi nalipenda bila masharti. Limechukua mtu wa kubeba mizigo na kumpa sababu ya kusafiri.

Na kuna Richard Lester. Filamu yake ya mwaka 1973 ya Mashujaa Watatu wa Alexandre Dumas iko karibu sana na kitabu kwa matukio, lakini kila mara kamera inapomtazama bwana mkubwa, pembeni kuna mtumishi, mbeba machela au mfua nguo, ananung'unika neno. Huwaoni vizuri, unawasikia tu: wanalalamikia uzito wa abiria, wanashangaa upumbavu wa waungwana. Lester aliziongeza sauti hizo baada ya kupiga picha, na ndizo zinazobadilisha filamu nzima, kwa sababu ghafla kuna mtu anayeitazama hadithi kutoka chini.

Mkazi yeyote wa Kampala akizisikia sauti hizo atajua mara moja anachosikia. Ni VJ.

Nasema hivi kwa kumaanisha. Video joka (video joker) wa Uganda, yule anayekaa na kipaza sauti akiisimulia filamu ya kigeni kwa Luganda juu ya sauti za waigizaji, amefanya kwa miongo mingi kile ambacho Lester alifanya mara moja. Kwenye vibanda vya Katwe na Nateete, kwenye mabasi ya usiku, kwenye maduka unapojaziwa flashi ya filamu zilizotafsiriwa, ambazo wenyewe wanaziita enjogerere, hadithi ya mgeni haifiki bila mtu wa hapa kuisemea. VJ Jingo na VJ Junior wana wafuasi ambao waigizaji wetu wengi hawana. Steringi anapewa jina la mtaani, adui anapewa kabila la kubuni au tabia ya kiongozi anayejulikana, na pale picha inapojaribu kutudharau, VJ mwenye akili anaweza kumgeuza mdharau kuwa ndiye kioja. Ile filamu ya chungu ingewekewa sauti yake, nina hakika yule aliyemo chunguni ndiye angechekwa.

Kuna wasomi wanaoiona kazi hii kuwa uharibifu wa sanaa ya wengine, au wizi tu. Suala la haki za wenye filamu ni la kweli na silikwepi. Lakini kama ufundi, VJ ndiye mfasiri huru aliyekomaa kuliko wote tulionao: anajua wapi pa kuifuata hadithi, wapi pa kuiacha, wapi mtazamaji amechoka. Wapo pia wanaoharibu. Nimewasikia wanaotafuta kicheko rahisi kwa lafudhi ya mtu wa kaskazini, kwa mwili wa mwanamke, kwa Mkaramojong. Hao wamekosea kama Cannon walivyokosea, wamechukua kipaza sauti wakakielekeza chini.

Isaac Nabwana wa Wakaliga ametuonyesha hatua ya pili. Filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, ilitengenezwa kwa fedha ndogo mno na vyuma chakavu, na nakala inayotazamwa duniani ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Mchekeshaji amekuwa sehemu ya kazi yenyewe, hawezi kuondolewa. Watu wa Ulaya na Marekani wanaipenda, wengine kwa kuishangaa tu, lakini mbinu iko pale na ni yetu.

Kinachokosekana ni kuiunganisha mbinu hiyo na riwaya za safari. Haggard alifariki 1925, Verne 1905, Robert Louis Stevenson 1894. Hakuna anayeweza kukudai senti ukizichukua hadithi zao leo. Nyingine zinapatikana hata kwa Kiswahili, kwa kuwa katika miaka ya ukoloni Mashimo ya Haggard na Kisiwa chenye Hazina cha Stevenson vilitafsiriwa kwa ajili ya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kukipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi na kukiingiza shuleni, na walimu wanauliza watawapa watoto nini cha kupenda. Filamu ya kuchekesha inayosemwa Kiswahili cha Kampala, kile cha Kisenyi na cha stendi ya mabasi, chenye Luganda ndani yake bila aibu, ingefanya kazi ambayo kitabu cha sarufi hakiwezi.

Hata mahali pa kuiweka papo. Mubende kulikuwa na maelfu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, mpaka Agosti 2017 jeshi lilipowafukuza ili kupisha wawekezaji. Hayo ni mashimo ya kweli, yenye watu wanaozijua njia zake za chini, na yenye wageni wanaofika na ramani. Mpe Umbopa mashimo hayo. Katika Haggard yeye ni mpagazi aliyejiunga na msafara bila kusema yeye ni nani, kumbe ndiye mfalme halali, Ignosi, anayerudi kudai kiti chake. Akishakipata, anawaambia rafiki zake wazungu waende salama, na kwamba hataruhusu tena wafanyabiashara wa bunduki na pombe wala wahubiri waingie nchini mwake. Maneno hayo yaliandikwa na Mwingereza mwaka 1885. Filamu ya Cannon haikuyapa nafasi. Ilikuwa na haraka ya kukimbiza magari na ndege.

Mwandishi wa filamu wa Kampala angeyaweka mwisho, angempa Kapteni Good suruali yake iliyopotea tangu mwanzo, na angemwita VJ mezani siku ya kwanza ya kuandika, si siku ya mwisho filamu ikishakamilika. VJ ndiye angecheza Umbopa. Abebe mizigo, awatafsirie wageni wanachosema wenyeji, na awatafsirie wenyeji wanachosema wageni, kila upande ukisikia anachoamua yeye wasikie, hadi dakika ile anapoitua mizigo na kufungua shati kuonyesha alama ya nyoka iliyouzunguka mwili wake.